Mji Ukihuishwa, Nani Anabaki?

Katika toleo lililopita ukurasa huu ulichapisha makala yangu kuhusu mafunzo makuu ya somo la uhuishaji wa miji, yaani kazi ya kuirudishia uhai mitaa iliyochakaa kwa namna inayowashirikisha wakazi wake na inayoweza kudumu. Hoja yangu ilikuwa kwamba miradi mingi hupima barabara, mitaro na ghorofa, ikasahau kupima watu waliobaki. Barua zilizofuata zimeonyesha kwamba kwa wasomaji wengi jambo hili si la vitabuni. Hizi ni baadhi yake, zikiwa zimefupishwa.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunafundishwa vigezo vingi vya mradi shirikishi na endelevu, kuanzia usawa wa kijinsia hadi matumizi ya nishati, mpaka mtu hajui aanzie wapi. Ukilazimika kuchagua kipimo kimoja tu, utachagua kipi, na kwa nini? (Mwanafunzi wa mipango miji, Dodoma)

JIBU: Marahaba. Nitachagua kipimo cha wapangaji: miaka kumi baada ya mradi kukabidhiwa, ni wangapi kati ya wapangaji waliokuwapo siku ya kwanza bado wanaishi palepale, au karibu na pale, kwa hiari yao? Nasema wapangaji, si wakazi kwa jumla, kwa sababu mwenye nyumba ana jengo la kumtetea, na thamani ya jengo hilo mara nyingi hupanda pamoja na mradi, ilhali mpangaji hana kinachomfunga na mtaa isipokuwa uwezo wake wa kulipa kodi ya mwezi ujao.

Mfano ninaourudia mara nyingi ni wa Hanna Nassif, Kinondoni, Dar es Salaam, mtaa uliokuwa ukifurika masika baada ya masika. Katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani na wafadhili wengine, pamoja na wataalamu wa Chuo cha Ardhi cha wakati huo, wakazi wenyewe walijenga mitaro ya maji ya mvua na kuboresha barabara za ndani. Kazi ilitolewa kwa mikataba kwa jumuiya ya mtaa badala ya kupewa mkandarasi wa nje peke yake, wanawake kwa wanaume wakalipwa ujira, na ujuzi ukabaki mtaani. Mradi ule ulistahili sifa uliyopewa, na wanafunzi wa fani yetu wanapaswa kuendelea kuusoma. Lakini maji yalipopungua na magari yalipoweza kuingia, kodi za vyumba zilipanda, na wapangaji wenye kipato kidogo wakaanza kutafuta vyumba kwingine, wengine katika mabonde yaliyofurika kama mtaa ule ulivyokuwa ukifurika zamani.

Hapakuwa na nia mbaya. Katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, mwenye nyumba anaweza kukaa katika viwili na kupangisha vinne. Hata hivyo, mkutano wa mtaa unapoitwa, nyumba nzima huhesabiwa kuwa sauti moja, na sauti hiyo ni ya mwenye nyumba. Kaya nyingine huwa zimeshirikishwa kwenye karatasi bila kuulizwa chochote. Kwa hiyo, kila unaposoma taarifa ya mradi, tazama kwanza kama jedwali la wadau limewatenganisha wenye nyumba na wapangaji. Lisipowatenganisha, usiziamini asilimia za ushiriki zilizomo.

Magomeni Kota, pia Dar es Salaam, inatuonyesha hali tofauti. Waliokuwa wakiishi pale katika nyumba za zamani za umma walikuwa wapangaji wote, familia 644, na nyumba zao zilibomolewa kwa ahadi ya ujenzi mpya ambao ulikwama kwa miaka. Kamati ya wakazi haikuacha kufuatilia, na orodha ya majina haikupotea. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza Serikali ijenge nyumba kwa ajili yao, na mwezi Machi 2022 Rais Samia akazizindua: nyumba 644, idadi ileile ya familia zilizokuwa kwenye orodha. Ninauchukulia usawa huo wa tarakimu kuwa jambo kubwa kuliko mwonekano wa ghorofa zenyewe, kwa maana ni nadra mno katika miji yetu idadi ya waliotoka kulingana na idadi ya nafasi walizotengewa kurudi. Haina maana kwamba kila kitu kilikwenda sawa. Takriban muongo mmoja wa kusubiri ni mrefu, na wapo waliofariki kabla ya kurudi. Masharti ya umiliki kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani mpangaji kuilipia nyumba kidogo kidogo hadi iwe yake, yamezua mjadala. Na mtu anayeishi kwa pensheni ndogo anapaswa kufikiria gharama za lifti, usafi na matengenezo ambazo nyumba yake ya chini haikuwa nazo. Hata hivyo, malalamiko hayo yanatolewa na watu waliorudi.

Kule Nairobi, mradi wa Soweto Mashariki, Kibera, ulihamishia familia katika nyumba za muda za Lang'ata mwaka 2009, kesi iliyofunguliwa na wenye mabanda ya kupangisha ikachelewesha ujenzi, na nyumba 822 zikakabidhiwa mwaka 2016. Wengine waliopewa nyumba hizo waliona ni afadhali kuzipangisha na kurudi kwenye mabanda, maana kodi ya nyumba nzuri ilikuwa kipato ambacho hawakuwahi kuwa nacho. Kuna wanaowalaumu. Mimi siwalaumu, kwa sababu familia iliyopewa nyumba bila kuongezewa njia ya kujipatia riziki hulazimika kuigeuza nyumba hiyo kuwa riziki.

SWALI: Mimi ni mama ntilie na mpangaji hapa Tandale. Tunasikia barabara yetu itatiwa lami na mtaro mkubwa utapita. Mwenye nyumba ameanza kusema kodi itapanda, na meza yangu ya chakula ipo pale ambapo mtaro utapita. Je, nina haki yoyote?

JIBU: Dada yangu, unayo, ingawa si kubwa kama inavyopaswa kuwa, na sehemu yake itategemea fedha za mradi zinatoka wapi.

Sheria ya Ardhi ya 1999 na kanuni zake za 2001 zinataja mafungu ya fidia: thamani ya ardhi na maendelezo yake, posho ya usumbufu, posho ya usafiri, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya mwezi mara miezi 36, na hasara ya faida kwa wenye biashara. Ukiyasoma kwa makini utaona kwamba yameandikwa kwa kumfikiria zaidi mwenye ardhi na jengo. Hapo ndipo chanzo cha fedha kinapokuwa na uzito, kwa kuwa miradi inayogharimiwa na Benki ya Dunia hulazimika pia kufuata masharti ya benki hiyo, ambayo yanawatambua hata watu wasio na hati wala haki ya kisheria juu ya ardhi, wakiwamo wapangaji na wafanyabiashara wadogo, na yanadai kuwepo kwa utaratibu wa kupokea malalamiko. Uliza katika ofisi ya serikali ya mtaa: nani anagharimia mradi, nani anapokea malalamiko, na lini watu watahesabiwa.

Siku ya kuhesabiwa ndiyo siku yako kubwa kuliko zote. Kila mradi huweka tarehe ya mwisho ya utambuzi, na anayejitokeza baada yake huhesabiwa kuwa mvamizi hata kama amepika pale kwa miaka. Kwa hiyo usisafiri, na usimwachie mwenye nyumba akusemee. Uwe na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo ikiwa unacho, barua ya utambulisho ya mtaa, na ushahidi wowote wa kodi unayolipa, hata ujumbe wa miamala ya simu. Hakikisha jina lako, meza yako na picha yake vimeingizwa kwenye daftari la mthamini, na uombe namba ya fomu.

Kuhusu kodi, Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinga kuu ya mpangaji ni mkataba wake. Wapangaji wengi hawana mkataba wa maandishi, au wanao wa miezi sita tu unaokwenda sambamba na kodi wanayolipa kwa mkupuo. Ukiweza, mwombe mwenye nyumba mkataba wa miaka miwili kabla lami haijamwagwa, ukieleza kiwango cha kodi na kiasi ambacho kinaweza kuongezeka. Akitaka kitu kwa upande wake, wapangaji wa nyumba hiyo mnaweza kukubaliana kugharimia ukarabati mdogo wa choo au kuvuta maji. Ninajua kwamba haya ni mapatano kati ya wasiolingana nguvu. Kwa sababu hiyohiyo nawashauri mfanye mazungumzo mkiwa wapangaji wote wa nyumba, au bora zaidi wa mtaa, na mwombe mkutano wa mtaa utenge ajenda ya kodi kabla mradi haujaanza. Halmashauri inapotumia fedha za umma kupandisha thamani ya nyumba ya mtu, ni halali kabisa kumtaka mtu huyo arudishe kitu kwa umma, na ahadi ya kutopandisha kodi kwa kipindi fulani ni kitu kinachoweza kuandikwa na kutiwa saini.

SWALI: Hapa Kisauni, Mombasa, nyumba ni yangu lakini ardhi ni ya mtu mwingine, na kila mwezi ninalipa kodi ya kiwanja kama alivyolipa marehemu baba. Sasa twaambiwa mwenye ardhi ataka kuiuza kwa mwekezaji wa magorofa. Huo uhuishaji unaousema watufaa nini sisi?

JIBU: Ndugu yangu, hali yenu, ile ya nyumba bila ardhi, ni ya Pwani hasa, na mizizi yake inafika hadi sheria ya kikoloni ya hati za ardhi ya 1908, ambayo iliwasajili wachache katika ukanda uliokuwa chini ya Sultani na kuwaacha wengi wakiwa wageni juu ya ardhi waliyoiishi. Mjenzi wa ghorofa akija, mbele ya sheria wewe una kuta na paa vinavyoweza kuondolewa. Ndiyo maana sitakushauri uanze na ramani ya mchoraji wala ahadi ya kupewa nyumba ya ghorofani. Anza na ardhi.

Njia moja ambayo haijajulikana vya kutosha huku kwetu ni kugawana ardhi, iliyojaribiwa Bangkok tangu miaka ya 1970 na 1980. Mwenye ardhi na wakazi hukubaliana kuigawa: yeye huchukua sehemu yenye thamani kubwa ya kibiashara, kwa kawaida ile inayotazama barabara kuu, na wakazi hupata sehemu ya nyuma kwa kununua au kukodi kwa muda mrefu, wakijenga kwa msongamano zaidi kuliko awali. Mwenye ardhi hukubali kwa sababu kesi ya kuwaondoa mamia ya watu huweza kumchukua miaka, na ardhi iliyo mahakamani haimwingizii kitu. Wakazi hukubali kwa sababu sehemu ndogo iliyo yao ni bora kuliko eneo kubwa la wasiwasi. Kuanzia mwaka 2003 Thailand iliipa njia hii nguvu zaidi kwa mpango wa Baan Mankong, ambao chombo chake cha umma hukopesha kikundi cha wakazi na si mtu mmojammoja, na ardhi inaweza kushikwa na kikundi, hivyo mnunuzi mwenye fedha hawezi kuwang'oa mmoja baada ya mwingine.

Jambo ambalo halikwepeki katika njia zote hizi ni kwamba kikundi kiwe kimeundwa kabla ya dharura. Mukuru, Nairobi, ni shule kubwa. Mwaka 2017 Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, baada ya wakazi, wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na washirika wao, kukusanya kwa miaka takwimu zao wenyewe: nani anaishi wapi, analipa nini kwa maji na umeme, ardhi imesajiliwa kwa jina la nani. Waligundua kwamba mkazi wa kibanda alikuwa akilipia maji kwa bei ya juu kuliko mkazi wa mtaa wa kitajiri anayepata maji ya bomba. Katika eneo lenye kaya zipatazo 100,000, mashauriano yalipangwa kuanzia makundi ya kaya kumi kumi, ili hata mpangaji wa chumba kimoja awe na mtu anayemjua kwa jina wa kumpelekea maoni yake. Mashirika zaidi ya arobaini, vikiwamo vyuo vikuu, yaligawana kazi kwa mada: nyumba, afya, maji, sheria ya ardhi, fedha na nyinginezo. Sijaona katika Afrika Mashariki kazi ya mipango iliyokwenda kwa kina kuliko hiyo.

Na bado, mwishoni mwa mwaka 2021, maelfu ya watu wa Mukuru kwa Njenga walibomolewa nyumba zao kupisha barabara. Ninalitaja hili kwa uchungu, kwa sababu waliobomolewa walikuwa wamefanya kila kitu ambacho vitabu vyetu vinawaambia watu wafanye. Mpango wa matumizi ya ardhi hauzuii tingatinga pale ambapo swali la umiliki limeachwa kiporo. Nyinyi wa Kisauni mna jambo ambalo wakazi wengi wa mabanda hawana: mnajulikana kwa majina, mna stakabadhi za kodi ya kiwanja za vizazi, na mwenye ardhi amezipokea fedha zenu. Zikusanyeni stakabadhi hizo zote mahali pamoja, mjiandikishe kikundi, mpime wenyewe idadi ya nyumba na kaya pamoja na wapangaji wenu, kisha mwandikieni mwenye ardhi mkiomba kununua au kugawana kabla ya kuuza, na nakala ipelekwe kaunti na Tume ya Taifa ya Ardhi. Mtafute wakili baada ya kikundi kusimama, si kabla yake.

SWALI: Mimi nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Kila mgeni akija hupelekwa Mji Mkongwe, na kila mradi wa huku kwetu huanza na kuvunja. Je, urithi ni wa mawe tu?

JIBU: Hapana, na wataalamu wa Zanzibar wenyewe wamelisema hilo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, wakati Ng'ambo, walikokuwa wakiishi watu wengi zaidi wa mji huo, ilibaki nje ya mipaka. Majengo marefu ya Michenzani, yaliyochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi, yaliwapa watu maji, umeme na vyumba imara, lakini pia yalipasua mitaa iliyokuwa imejipanga kwa vichochoro, nyua na mabaraza. Ndiyo maana ninauheshimu mpango ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, ulioandaliwa na idara ya mipango miji kwa ushirikiano na wataalamu wa Amsterdam: kabla ya kuchora kitu kipya, walikwenda kuwauliza wakazi ni sehemu gani za mtaa wanazozithamini na kuziweka kwenye ramani, zikiwamo maskani (yaani vijiwe vya mazungumzo), misikiti, visima, miti na viwanja vya mpira. Kukarabati nyumba ya zamani ya udongo na boriti kunahifadhi pia saruji na nishati ambazo ujenzi mpya ungezila, kwa hiyo anayejali mazingira na anayejali kumbukumbu wanaweza kukaa upande mmoja. Pale ambapo kuvunja hakuepukiki, dai kwamba baraza na uwanja vionekane kwenye michoro mipya. Ghorofa isiyo na mahali pa kukaa jioni huwaondolea wazee mtaa wao hata wakipewa ufunguo.

SWALI: Nikiwa diwani, nimealikwa katika semina nyingi, na karibu kila moja inataja Medellín ya Kolombia na magari yake ya waya. Je, tunaweza kuiga?

JIBU: Mheshimiwa, mnaweza kuiga, lakini si waya. Njia ya kwanza ya Metrocable, yaani magari hayo ya waya, ilifunguliwa mwaka 2004, ikiunganisha vitongoji vya mlimani na treni ya mjini ambayo ilikuwa ikifanya kazi tangu 1995. Bila treni, waya ule ungewafikisha watu chini ya mlima na kuwaacha hapo. Wakati wa meya Sergio Fajardo, kati ya 2004 na 2007, jiji liliweka katika eneo hilohilo na kwa wakati mmoja shule, maktaba, madaraja, njia za miguu na ukarabati wa nyumba, chini ya ofisi moja badala ya idara kumi zinazofukua barabara ileile kwa zamu. Sehemu kubwa ya fedha ilitokana na EPM, shirika la maji na umeme ambalo ni mali ya jiji na hulipatia jiji gawio kila mwaka. Hivyo basi, swali la kwanza kwa halmashauri inayovutiwa na Medellín ni mapato gani ya kudumu iliyo nayo, kwa sababu mkopo hujenga kituo lakini haulipi mishahara ya walinzi na mafundi mwaka wa kumi na tano.

Wenyeji wa semina hutaja mara chache kwamba maktaba maarufu ya España, iliyofunguliwa mwaka 2007 juu ya mlima huo, ilibidi ifungwe baada ya miaka michache kwa kasoro za ujenzi. Wala hawasemi sana kwamba katika Comuna 13, kitongoji kingine cha jiji hilo, ambako ngazi za umeme zilizinduliwa mwaka 2011, umati wa watalii umeleta biashara na umeleta pia shinikizo la kodi na bei kwa wakazi. Mambo yanayostahili kuigwa kwa haraka ni mawili: kuanza na vitongoji vilivyosahauliwa zaidi, na kuziweka idara zote chini ya mratibu mmoja mwenye bajeti.

SWALI: Mimi ni afisa mipango miji wa halmashauri. Nimepata nafasi ya kuomba kozi fupi ya uhuishaji wa miji nje ya nchi. Inafaa kwenda, au nibaki nisome hapa?

JIBU: Kama ufadhili upo, nenda, lakini chagua kozi inayokuruhusu kufanya kazi yako ya mwisho juu ya mtaa wa kwenu. Chuo Kikuu Ardhi kina hazina kubwa ya tafiti za makazi ya Dar es Salaam kuliko utakayoikuta Ulaya, kwa hiyo pita maktaba yake kabla ya safari. Chukua pia faili la mradi mmoja ulioshughulikia wewe mwenyewe: ramani ya awali, daftari la uthamini, kumbukumbu za mikutano na orodha ya waliohamishwa, baada ya kuomba kibali cha mkurugenzi na kuficha majina ya watu. Walimu wazuri watakuuliza maswali ambayo faili hilo linaweza kuyajibu, na wenzako kutoka nchi nyingine watakuonyesha safu ambazo halina. Ukirudi, safu ya kwanza ya kuongeza kwenye fomu za halmashauri yako ni ya wapangaji: jina, kodi ya mwezi, na muda ambao kila mmoja ameishi hapo.